Mwaka Nilioacha Kujibu Salama

Mwaka jana, Mwajuma alipovuka Ruvuma kutoka Tanzania kuja kunitembelea, mdogo wangu alituandalia chakula nyumbani kwake Quitunda. Alitutandikia mkeka sebuleni, katika ile nyumba ya matofali waliyopewa yeye na mumewe walipohamishwa kupisha mitambo ya gesi, akaleta sinia la wali mkavu, punje zimeachana, na changu wa kukaanga juu yake. Ni chakula cha kumpa mgeni wa heshima. Mwajuma akalitazama sinia, nami nikalitazama, kisha kwa sauti moja, kama watoto wanaomjibu mwalimu darasani, tukauliza, "Mchuzi upo?" Mdogo wangu alidhani tumeyadharau mapishi yake. Sisi tulicheka mpaka Mwajuma akapaliwa, ikabidi niinuke nimpige mgongo, maana kupaliwa kwetu si jambo la mchezo. Makoo yetu yalichomwa mionzi mwaka mmoja, hospitali moja, mashine moja, na tangu hapo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumeza wali bila kitu cha kuuteremsha. Sauti zetu nazo zilibaki na mikwaruzo. Mtu asiyenijua akinipigia simu huniamkia, "Shikamoo, mzee," nami humwitikia marahaba bila kinyongo, kwa sababu najua sauti hii ilinigharimu nini. Mchuzi ulipoletwa tukala polepole, tonge dogo, maji, tonge dogo, maji, na kila tulipotua kupumzika mawazo yalirudi Dar es Salaam, kwenye lile benchi la hospitali, na kwenye mwaka ule.

Ulikuwa mwaka ambao mji wetu wa Palma, huku Msumbiji, ulikuwa na habari moja mdomoni. Gesi imeonekana chini ya bahari, tena si kidogo, na kila mtu alikuwa na hesabu yake juu ya nini kitafuata. Wageni walipanga nyumba ambazo siku za nyuma hata popo walizikataa. Vijana walinunua viatu vya ngozi wakavitunza ndani ya mifuko ya plastiki, wakingoja siku ya kuitwa kazini. Jirani yetu mwenye kibanda cha chai alipaka ukuta rangi ya samawati akaandika juu yake neno hoteli, na chai ikapanda bei siku ileile ingawa vikombe havikubadilika. Mimi nilikuwa msichana wa redio. Redio yetu ya jamii ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya zamani, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, mikrofoni imevishwa soksi ya mtoto, na feni ambayo tuliruhusiwa kuitazama tu, kwani ikiwashwa ilinguruma kuliko mtangazaji. Nilisoma matangazo ya Kiswahili: misiba, mbuzi waliopotea, mikutano, nafasi za kazi, na onyo kwa wavuvi wasizisogelee meli zilizokuwa zikipima bahari. Sauti yangu ilikuwa nzuri, na sioni haya kulisema. Bibi mmoja wa kule mtaa wa chini aliwahi kuniambia kwamba nikisoma tangazo la msiba, hata yeye asiyemjua marehemu hutafuta pindo la khanga afute machozi. Niliringa kwa sifa ile wiki nzima.

Ndipo sauti ikaanza kukauka. Mwanzo tulisema ni vumbi la malori. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali na ndimu, nikanyamaza kama nilivyoshauriwa, lakini kila asubuhi nilifungua kinywa nikasikia mlango usiotiwa mafuta. Wengine walisema ni jicho la watu, kwamba nimeonewa wivu kwa sababu wageni wa gesi walikuwa wakija redioni na kuniuliza jina langu. Mama mkubwa Awa, dada wa mama yangu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alisikiliza dhana zote hizo kisha akafunga mzigo wake na wangu. Tukavuka mto, tukalala Mtwara, na kutoka hapo tukapelekwa Dar es Salaam, kwa kuwa wakati ule matibabu ya mionzi hayakuwa karibu nasi upande huu wa mpaka. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alituambia kwamba ni kansa, ndogo, imekaa palepale sauti inapotokea, na imewahiwa; itachomwa kwa mionzi bila kisu. Mama mkubwa aliuliza kama nitaishi. Mimi niliuliza swali moja tu: "Nitasoma tena redioni?" Akanijibu, "Kwanza tukuponye, dada. Sauti tutaiona baadaye." Nililichukia jibu lile. Nilikuwa na umri wa kuolewa mara ya pili, sikuwa na mtoto, sikuwa na shamba la maana. Nilichokuwa nacho chenye jina langu ni ile mikrofoni yenye soksi, na tayari alikuwa amekalia kiti changu kijana aitwaye Momadi, mwenye sauti nyororo na Kireno kingi.

Tulifikia Mbagala, kwa mama mmoja mwenye ukoo wa mbali na Mama mkubwa. Alitupa chumba cha uani chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo linalotazama banda la bata. Kila asubuhi ya siku za kazi nilikwenda hospitali, nikavishwa kinyago cha plastiki kilichotengenezwa kwa sura yangu mwenyewe, kikafungwa kwenye meza ili nisitikisike, na mashine ikazunguka ikinong'ona juu ya shingo yangu. Haiumi. Hilo ndilo linalomdanganya mtu. Unainuka pale mzima, unajiona shujaa, unapanda basi kurudi. Moto wenyewe huja baadaye, kidogokidogo, kama jiko la mkaa ulilodhani limezimika. Wiki za mwanzo nilijiona mjanja. Kisha mate yakawa mazito, yananing'inia kinywani kama ute wa bamia. Kisha ladha ikaondoka: uji wa tui wa Mama mkubwa, ambao kwetu watu waliuombea mwaliko, ukawa na ladha ya kulamba bati. Shingo ikaiva ikawa nyeusi, ikaanza kuchubuka. Na kumeza, jambo ambalo mtu hulifanya mara ngapi kwa siku bila kulifikiria, kukawa kama kumeza kaa la moto lililofungwa kwenye kitambaa chenye miiba.

Haya yote hakuna aliyeyajua. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kwenye mashine, tulikaa kwenye benchi refu la ukumbini, na muuguzi wetu, Sista Tekla, alipita akimuuliza kila mmoja hali yake. "Bi Mwanaisha, unaendeleaje?" Nami nikajibu, kwa ile sauti iliyobaki, "Salama, alhamdulillahi." Akaandika, akasogea. Sasa mtu wa mbali anaweza kuniona mjinga, lakini nani kwetu angejibu vingine? Sisi tumelelewa kwamba salamu hujibiwa kwa salama. Hata mleta habari ya kifo, akifika mlangoni na kuulizwa habari za atokako, husema kwanza salama, kisha ndiyo anakuja na lile "ila" lake: ila baba ametutoka. Salama ni ya Mungu na ya adabu. "Ila" ndiyo yenye habari. Sista Tekla alikuwa na foleni ndefu, na "ila" yangu ilihitaji mtu wa kukaa na kuingoja. Tena niliona aibu. Kulia kwangu alikaa mzee asiyeweza kusema kabisa, anayepumua kupitia tundu la shingoni, naye pia alipoulizwa alitikisa kichwa kwa heshima na kuinua kidole gumba. Mimi ni nani, nilijiambia, hata nilalamike mbele ya huyu? Kwa hiyo benchi zima tulikuwa salama, tukikonda.

Isipokuwa mmoja. Mwajuma alikuja kutoka Kilwa, mfanyabiashara wa vitumbua, mkubwa kwangu kwa umri, mweusi wa kung'aa, na hata maradhi hayakuwa yamefaulu kumpunguzia makalio wala maneno. Siku ya kwanza alipokaa kwenye benchi letu Sista Tekla alimuuliza kama alivyotuuliza wengine, "Bi Mwajuma, unaendeleaje?"

"Vibaya," alisema.

Benchi lote liligeuka. Mzee mwingine alinong'ona astaghfirullah.

"Vibaya vipi, mama?"

"Koo linawaka. Mate yamekuwa gundi, nikitema hayakatiki. Jana chai imepita, mkate umegoma. Shingo ikiguswa na khanga naona nyota mchana. Na usingizi sina. Uandike yote, mwanangu, au nirudie?"

Sista Tekla akakaa. Hatukuwahi kumwona amekaa. Akamuuliza mkate uligoma mahali gani, juu au chini, na maumivu huja kabla ya kumeza au wakati wa kumeza, na Mwajuma akajibu kila swali kwa raha, kama mtu anayesimulia ugomvi wa mtaani alioshinda. Nilishangaa, nikaudhika kidogo, nikamwona hana haya. Tulipotoka aliniuliza natoka wapi, na nilipomwambia natoka Palma, Msumbiji, akapiga makofi. "Kumbe Mreno! Twende, Mreno wangu, nikuone unapokaa, mimi hapa Dar sina shoga." Tangu siku hiyo mpaka leo hajawahi kuniita kwa jina.

Jumapili asubuhi alirudi Mbagala akamkuta mwenye nyumba uani. Mama mkubwa alikuwa sokoni, kama kila siku saa zile, na mimi nilikuwa nimemaliza kifungua kinywa changu kwa njia yangu ya siku zote, yaani kwa kukimimina dirishani. Mwajuma alisimama akiwatazama bata. "Bata wa nyumba hii," akasema, "wamenenepa mpaka kutembea wanaona taabu. Mnawalisha nini?" Mwenye nyumba akajibu kwamba hata yeye anashangaa, kwani huwapa pumba tu. Mwajuma akalitazama dirisha langu, akaitazama michirizi ya uji ukutani, akanitazama mimi na gauni langu linaloning'inia. Hakusema kitu mbele ya mwenye nyumba, na kwa hilo ninamshukuru hadi leo. Tulipoingia chumbani alifunga mlango, akaketi kitandani, kamba zikalia.

"Tangu lini humezi?"

"Nameza."

"Bata ndio wanaomeza. Tangu lini?"

Nikalia. Nilimwambia yote: kaa la moto, bati, ute, hofu ya kufungua kinywa. Nilimwambia pia kwamba sitaki kulalamika kwa wauguzi wa nchi ya watu, wakaniona mgeni mwenye makuu. Akanisikiliza kisha akasema, "Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Unajua daktari aliniambia nini mimi? Koo usipolitumia linakakamaa. Wakimaliza kukuchoma utakuwa mzima, ila koo limesahau kazi. Sasa sauti hiyo unayoililia itapita wapi?" Neno lile la sauti lilinichoma kuliko mionzi. Kumbe nilikuwa nikiitupa dirishani kila asubuhi pamoja na uji.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi nikitetemeka kama mwari anayetolewa nje. Mwajuma alikuwa ameniketisha karibu naye na kunikandamiza paja kwa mkono wake mzito ili nisipate pa kukimbilia. Sista Tekla akafika. "Bi Mwanaisha, unaendeleaje?" Salama ilikuwa tayari imeshafika ulimini, imezoea njia. Nikaimeza, nayo iliuma kama kila kitu kingine. "Sista, leo salama sina," nikasema. "Simezi. Ni siku nyingi simezi." Nilitegemea akasirike. Badala yake alikaa, akaniuliza yale yale ya juu na chini, kabla na wakati, maji na uji, kisha akaondoka na kurudi na chupa ya dawa ya maji ya kunywa kabla ya kula, inayotuliza koo, na akanifundisha kusukutua kwa maji ya chumvi vuguvugu, na kumeza kwa mpango: funda dogo, shika pumzi, meza kwa nguvu, kohoa, meza tena. Dawa ile ilikuwepo kabatini siku zote. Ilikuwa inangoja nitaje maumivu yangu tu. Mchana ule uji ulipita, ukiuma, lakini ukapita, na Mama mkubwa Awa, ambaye Mwajuma alikuwa amemweleza habari ya bata, alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akihesabu kila funda kwa midomo bila sauti, huku machozi yakimtoka.

Yaliyofuata kwenye benchi yalikuwa kama ugonjwa mwingine, ugonjwa wa kusema. Mama mmoja wa Mafia alikiri kwamba sikio lake linaziba. Mwingine akasema anaota chakula kisha anaamka akiwa na hasira na watu wote. Yule mzee wa tundu la shingo aliomba karatasi, akaandika kwamba kinachomtesa si koo, ni kwamba wajukuu wanamwogopa. Tulimsogelea, tukakaa naye. Mwajuma aliligeuza benchi kuwa baraza, akawapigia watu makofi kwa kila lalamiko la kina. "Huyo kataja ute! Nani mwingine?" Sista Tekla alituambia tumemchelewesha mpaka chai inapoa, lakini sikumwona akiharakisha tena. Nilimaliza matibabu nikiwa nimekonda na shingo imechubuka, na koo langu linafanya kazi yake.

Sauti haikuwepo. Nilirudi Palma na mnong'ono. Mama mkubwa aliwajibu walioniulizia kwamba ni salama, na mimi nikamkanyaga mguu kila mara, akawa anaongeza, kwa tabu, kwamba ila sauti bado. Kwa miezi niliishi na chupa yangu ya maji. Nililowesha kila kitu: mkate kwenye chai, muhogo kwenye tui, na ugali niliuacha kabisa. Kidevuni nilivimba kila asubuhi, nikawa nasugua taratibu kushuka shingoni kama nilivyofundishwa. Kisha mchana mmoja Mama mkubwa alipika pweza wa nazi, nikaonja mchuzi bila matumaini, na ulimi ukatambua tui. Si bati, ni tui! Nilipiga ukelele, na ukelele ule ulikuwa na sauti ndani yake, mbovu, nene, lakini sauti. Sijui tulishangilia kipi zaidi. Majirani walikuja mbio wakidhani kuna nyoka.

Nilipoweza kusema sentensi nzima nilikwenda redioni. Mratibu wetu, Anastácio, Mmakonde kutoka Mueda, mtu wa haki lakini mwenye haraka, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye mkutano wa kijiji huko Afungi, ambako maofisa walikuwa wakiwaeleza watu habari za ardhi yao na gesi. Alikuwa ameketi na kinasa sauti, amekunja uso. "Sikiliza," alimwambia Momadi nilipokuwa bado nimesimama mlangoni. "Mchana kutwa. Ofisa anauliza kuna tatizo, wanasema hakuna, salama. Njiani nimerudi nao, kila mmoja ananilalamikia mpaka nimefika nyumbani. Sasa mimi nitangaze nini?" Ndipo akaniona. Alisimama, akanishika mikono yote miwili, akaniita dada kwa Kireno chake. "Mana Isha! Epá, tumekuombea. Vipi, salama?"

"Salama yote hapana, shefu," nikasema. "Nikae nikueleze."

Naye akakaa. Nikamwambia. Asubuhi sauti ipo, jioni imekwisha. Naweza kusoma muda wa wimbo mmoja hivi, kisha koo linakauka, lazima ninywe maji, la sivyo nakohoa. Herufi zinatoka zote, ila juu siwezi kupanda. Ninasoma chini chini. Vumbi linaniua, kwa hiyo mlango ufungwe. Sitaki kuhurumiwa, nataka kiti changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipoinua kichwa nikaona uso umekunjuka. "Wewe ndiye mtu wa kwanza leo aliyenipa habari," akasema. "Mtu akiniambia salama sina cha kumfanyia. Haya naweza kuyapanga: asubuhi, vipande vifupi, muziki katikati." Kisha haki yake ikamrudia, na haraka yake. "Lakini nisikufiche, mana. Redio ikinyamaza, msikilizaji anazungusha kitufe. Hata Momadi akikohoa wanahama. Soma Jumamosi, siku ya soko. Watu wakibaki, kiti ni chako. Wakihama, nitakutafutia kazi ya ofisini." Nilimwambia sawa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiomba dua, na dua yenyewe haikuwa na adabu: nilimwambia Mungu kwamba kazi ya ofisini siitaki.

Jumamosi niliingia kwenye kile chumba cha trei za mayai. Mikrofoni ilikuwa imevishwa soksi mpya. Momadi, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutaka nishindwe, alikuwa amenifutia vumbi mezani. Mkononi nilikuwa na tangazo la meli za kupima bahari, tangazo la mkutano mwingine wa ardhi, misiba, na mwisho kabisa mbuzi jike, mwekundu, mwenye sikio lililochanika, aliyepotea karibu na njia ya kwenda Mocímboa. Taa ya matangazo ikawaka. Nikasoma. Nilijisikia kwenye vifaa vya masikioni, sauti ya mwanamume aliyevuta tumbaku miaka yote, lakini nikaendelea. Nilimaliza meli. Katikati ya mkutano, pale penye majina ya vijiji, koo lilifunga, neno likakatika. Kimya. Kwenye redio kimya ni kirefu kuliko mahali pengine popote. Momadi alinyoosha mkono aweke muziki. Nikamwinulia kiganja, nikaisogelea mikrofoni.

"Subirini," nikasema. "Ninywe maji."

Nikanywa. Wilaya nzima, kama bado ilikuwepo, ilinisikia nikimeza: funda dogo, shika pumzi, meza, kohoa, meza tena. Kisha nikasema yale ambayo hayakuwa kwenye karatasi. "Mimi ni Mwanaisha. Sauti hii ni yangu, ndiyo iliyobaki. Nilikuwa na kansa ya koo. Wengi mmesikia nimerogwa, sikurogwa, niliugua. Nimetibiwa kwa mionzi. Mate sina ya kutosha, chakula kikavu kinanikwama, asubuhi ninavimba kidevu, na nikisoma sana nanyamaza kama hivi. Nilichelewa kusema kwa kuona haya, nikakaribia kupoteza koo. Mwenye sauti iliyokauka mwezi mzima asinywe tangawizi tu, aende hospitali, na akiulizwa asijibu salama. Sasa tunaendelea na majina ya vijiji." Nikasoma vijiji, nikasoma misiba, nikasoma mbuzi. Taa ikazimika. Anastácio alikuwa amesimama nyuma ya pazia, hakunitazama machoni. "Tutaona," alisema kwa Kireno, "vamos ver," akatoka kwenda kuwasha pikipiki akawaulize wasikilizaji.

Sikuweza kungoja ripoti yake. Nilijitanda khanga nikaenda sokoni kwa miguu, na njiani nilijiandaa kwa kazi ya ofisini, kufagia, kupiga mihuri, kupokea wageni wa gesi na kuwaonyesha choo. Upande wa wauza muhogo na dagaa kulikuwa na redio moja kubwa imefungwa kwenye nguzo kwa mpira wa baiskeli, imewashwa, inapiga muziki. Nikasikiliza ni kituo gani, nikashindwa kujua. Kisha mama mmoja muuza dagaa, mnene, mtani wangu wa siku nyingi, akaniona. Akashika koo lake, akabana sauti mpaka ikakwaruza kama gunia, akasema kwa nguvu soko zima lisikie, "Subirini! Ninywe maji!" Wote wakaangua kicheko. Mwingine akadaka, "Funda dogo, shika pumzi!" Watoto wakaanza kukohoa kwa mpangilio. Nilisimama katikati yao, uso unawaka, nisijue kama nicheke au nikimbie. Wananicheka, nilijiambia, basi yamekwisha.

"Yule mbuzi ameshapatikana," akasema muuza dagaa, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Alikuwa kwa shemeji yangu. Tumesikia sikio lililochanika, tukamtuma mtu."

Mbuzi alikuwa wa mwisho. Mbuzi alikuja baada ya ule ukimya, baada ya maji, baada ya kansa na vijiji na misiba yote.

"Hamkuhama?" nikauliza.

Muuza dagaa alinitazama kama nimemuuliza jambo la kipumbavu. "Umesema tusubiri," akajibu. "Tumesubiri."